Daftari, Kamera na Perege wa Korogwe

Wilaya za Korogwe na Handeni, katika mkoa wa Tanga, hazina ufukwe wa bahari wala ziwa kubwa. Maji yao ni mto Pangani, ambao sehemu zake za juu huitwa Ruvu, pamoja na mito ya Luengera na Mkomazi inayoingia humo, na upande wa Handeni ni mto Msangasi na malambo ya msimu. Ukame wa Handeni ndio uliofanya serikali ilaze bomba kuu la kuchota maji ya Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi mjini Handeni. Anayezungumzia sheria za uvuvi, takwimu za samaki na vibali vya kupiga filamu za viumbe wa majini kwa kawaida huitazama Tanga mjini, Pangani au Mafia, wala hageuki nyuma kuiangalia Korogwe. Hata hivyo, mambo mawili yaliyotangulia sheria hizo yalitendeka huku bara: kuanzia mwaka 1935 Vugiri, katika milima iliyo juu ya mji wa Korogwe, ilikuwa makao ya mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Waafrika, na mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianzisha Korogwe majaribio ya kufuga samaki mabwawani. Mambo hayo hayakupangwa pamoja na wala waliohusika hawakuyaona kuwa na uhusiano, lakini yote mawili yalizaa swali lililodumu hadi leo, yaani nani ana ruhusa ya kuhesabu na kupiga picha vilivyomo majini, na baada ya hapo anawajibika kumkabidhi nani alichokipata.

Kabla ya afisa yeyote kushika mizani, uvuvi wa bonde hili ulikuwa kazi ya msimu, iliyofuata kujaa na kupungua kwa mto. Chombo chake kikuu kilikuwa mgono, kikapu kirefu cha fito zilizosukwa, ambacho mdomo wake mpana huelekea ndani ukizidi kuwa mwembamba, hivi kwamba samaki akishapenya hapati njia ya kurudi alikotoka. Mgono hutegwa penye mwanya wa uzio uliokingamishwa mtoni, na kambale, samaki wa matope asiye na magamba, alitafutwa pia kwa ndoana. Njia nyingine ilikuwa utupa, mmea wa jamii ya kunde ambao majani yake hutwangwa na kumwagwa katika madimbwi yanayobaki mto unapopungua wakati wa kiangazi. Sumu yake huingia kwenye mashavu ya samaki na kumzuia asipate hewa, naye huelea juu akitweta, akaokotwa kwa mkono au kwa tenga. Sheria za uvuvi ziliuweka utupa katika kundi moja na baruti, na kwa mto unaotiririka katazo hilo lina sababu ya wazi, kwa kuwa sumu huua vifaranga pamoja na wakubwa na hushuka na maji hadi kwa watu wengine. Dimbwi ambalo lingekauka lenyewe baada ya wiki mbili, likawaachia samaki wake kunguru na korongo, ni jambo tofauti, lakini sheria haikuwahi kutenganisha dimbwi na mto. Mwandishi wa sheria alikuwa na bahari na maziwa makuu akilini, na tabia hiyo itaonekana tena na tena katika historia hii.

Chanzo cha fikra hiyo kilikuwa Ziwa Victoria. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa samaki wa ziwa hilo na kuona kuwa ngege, samaki wa jamii ya perege aliyependwa kuliko wote, alikuwa akipungua kwa sababu ya nyavu za viwandani zenye macho madogo. Alipendekeza jicho la wavu, yaani tundu baina ya nyuzi, lisipungue inchi 5, na akashauri pia kuwe na chombo cha kudumu cha kufuatilia mavuno. Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja, Uganda, mwaka 1947, na kutoka hapo taratibu za kupima, kutoa leseni na kuandika zilisambaa katika makoloni yote matatu. Kipimo cha inchi kina maana ziwani, penye wavuvi wengi wa nyavu na samaki wa aina moja anayetafutwa na kila mtu. Katika mto wa migono na ndoana, afisa aliyekwenda na rula hakuwa na cha kupima.

Mabwawa ya mwaka 1949 yalikusudiwa kuziba pengo la namna nyingine. Majaribio hayo yalifanywa Korogwe na Malya, katika mkoa wa Mwanza, na yanahesabiwa kuwa mwanzo wa ufugaji wa samaki katika Tanganyika. Korogwe ilikuwa na sifa zilizohitajika: mto usiokauka, reli iliyofika mjini tangu mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji huo, ambayo vibarua wake walitoka mbali na walihitaji kitoweo. Mkonge huohuo ulikuwa adui wa mto. Mashine inayokwangua majani, iitwayo korona, hutumia maji mengi kuosha nyuzi na kuyatoa yakiwa machachu na yamejaa masalia ya majani, na kwa miongo mingi maji hayo yaliachwa yaingie mitoni bila kusafishwa. Katika Hale, wilayani Korogwe, ilisubiriwa hadi mwaka 2008 ndipo ulipozinduliwa mtambo wa majaribio wa kugeuza masalia hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme.

Wakati mabwawa yalipokuwa yanachimbwa, mtafiti wa shirika la Jinja, Rosemary Lowe, alikuwa akizunguka Afrika Mashariki kutenganisha aina za perege. Perege ni jina la pwani na la bonde la Pangani kwa samaki wapana wenye magamba na pezi refu la mgongoni lenye miiba, ambao kanda ya ziwa huwaita sato. Katika kundi ambalo wanasayansi hulipa jina la Oreochromis, jike huyabeba mayai kinywani baada ya kuyataga na huendelea kuwalinda vifaranga humohumo mpaka waweze kujitegemea. Kwa macho ya mnunuzi sokoni aina nyingi za perege hazitofautiani, hasa majike na wachanga, kwa kuwa rangi zinazowatambulisha huonekana vizuri kwa madume wakati wa kuzaliana tu. Lowe alizitofautisha kwa meno, kwa idadi ya miiba na magamba, na kwa rangi hizo za madume, na mwaka 1955 alichapisha maelezo ya spishi mpya kutoka Ziwa Jipe na mto Pangani. Mmoja aliitwa jipe, mwingine pangani, na wa tatu korogwe, ambaye leo jina lake kamili la kisayansi ni Oreochromis korogwe. Wakati kazi hiyo inachapishwa, Lowe hakuwa tena mtumishi wa serikali, kwa sababu aliolewa mwishoni mwa mwaka 1953 na kanuni za utumishi wa kikoloni zilimtaka mwanamke anayeolewa aache kazi. Serikali ilipoteza kwa namna hiyo mmoja wa watu wachache sana walioweza kumshika perege mkononi na kusema ni wa aina gani, na daftari la uvuvi lilibaki mikononi mwa watu ambao hawakufundishwa kuuliza.

Daftari hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo moyo wa udhibiti wote. Karani wa takwimu kwenye mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, hakusanyi habari za kila mtumbwi kila siku. Huchagua baadhi ya vyombo katika siku zilizopangwa, huandika idadi ya wavuvi, aina ya chombo na zana, uzito wa samaki na bei, na hesabu hizo huzidishwa baadaye kwa idadi ya vyombo vyote iliyopatikana katika sensa ya uvuvi. Utaratibu huo ni mzuri kwa pwani na kwa maziwa, ambako mialo inajulikana na mashua zinahesabika. Mvuvi wa Pangani aliyetega migono mitatu nyuma ya shamba lake la mahindi hana mwalo, hana chombo, na samaki wake huishia kwenye sufuria au kwa jirani. Yuko nje ya hesabu hata akivua kila siku ya maisha yake. Na yule aliyefikisha samaki sokoni Manundu au Mombo huandikiwa neno moja, perege, na kilo. Mito miwili inaweza kuwa na tani zilezile katika daftari, mmoja una aina tatu za asili na mwingine umebaki na mgeni mmoja tu, na hakuna mstari utakaoonyesha tofauti hiyo.

Wageni walikuja kwa mkono wa serikali yenyewe. Ngege wa Ziwa Victoria alihamishiwa katika mfumo wa Pangani wakati wa ukoloni, na baada yake wakaja sato wa Nile na perege mwingine mdogo kutoka maji ya Uganda, wote kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Bwawa haliwezi kumzuia samaki milele. Mvua kubwa ya masika huvunja kingo, na vifaranga hushuka na maji hadi mtoni. Mto nao ulikuwa unabadilishwa. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na katika miaka hiyohiyo Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa juu zaidi mtoni, likafanya ziwa jipya lililovuta wavuvi kutoka mbali na kutoa samaki wengi mno mwanzoni, kabla mavuno hayajaporomoka katika miaka ya 1970. Samaki wa kukaushwa wa Nyumba ya Mungu walikutana sokoni na ng'onda, samaki wa bahari waliotiwa chumvi na kuanikwa juani, na kwa familia nyingi za Handeni, ambako mto ni wa msimu, samaki maana yake ilikuwa kitu kikavu kinachofungwa kwenye gunia.

Uhuru uliirithi imani ileile katika mabwawa. Mwaka 1967 serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuga samaki, na kumbukumbu zinaonyesha kuwa kufikia mwaka 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000, idadi ambayo ingeshangiliwa na mtu yeyote aliyeisoma peke yake. Mengi yalikuwa madogo kama ua wa nyumba, yamechimbwa mahali pasipofaa, yamepandwa samaki wasiostahili, na hayakudumu. Hapo pia daftari lilihesabu kilichokuwa rahisi kuhesabiwa, yaani mashimo. Sheria ya Uvuvi Na. 6 ya mwaka 1970 iliziweka pamoja kanuni za leseni, zana haramu na taarifa, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ilichukua nafasi yake, ikifuatiwa na kanuni za mwaka 2009, zinazomtaka mwenye leseni atoe habari za anachovua na zinazotambua vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kwa ufupi wa Kiingereza hujulikana kama BMU. Katika muundo wa sasa wa serikali za mitaa, afisa uvuvi wa wilaya ni mtumishi wa halmashauri na humjibu mkurugenzi wake, si idara ya uvuvi iliyo wizarani, na halmashauri isiyo na mwalo wenye ushuru wa maana haina sababu kubwa ya kumnunulia pikipiki. Kwa sababu hiyo takwimu za wilaya za bara kama Korogwe na Handeni hazilingani kwa uzito na za wilaya za pwani kama Pangani au Mkinga.

Wakati daftari likienda njia hiyo, kamera ilikuwa na historia yake ya zamani zaidi milimani. Mradi wa Vugiri, ulioitwa kwa tafsiri Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, ulidumu kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 chini ya Baraza la Kimataifa la Kimisionari, kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wake wa ufundi, Meja L. A. Notcutt, aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge na kuwaonyesha vibarua sinema ili waridhike na kazi, na mwenzake, G. C. Latham, alikuwa amesimamia elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kwa utepe mwembamba wa milimita 16, uliokuwa wa bei nafuu, wakiwatumia wenyeji kuwa waigizaji, juu ya mambo kama safura, kodi, akiba ya benki ya posta, kilimo cha chai na mmomonyoko wa udongo. Sauti haikuwa ndani ya utepe. Maneno yalirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na mwonyeshaji alilazimika kuendesha santuri sambamba na picha, kazi ambayo sindano ikiruka mstari mmoja tu humwacha mzee wa kijiji akifungua kinywa huku anayesikika ni karani wa posta. Lori lilibeba mitambo hiyo kupitia Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mradi ulikufa kwa sababu serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuugharimia, lakini uliacha wazo ambalo watawala wote waliofuata walilishika: kwamba picha inayotembea ni chombo cha utawala, na haifai kuachwa mikononi mwa yeyote apitaye. Wakoloni walikuwa na ukaguzi wa filamu hasa kwa kuhofia kile ambacho Waafrika wangeona juu ya Wazungu. Miaka ya 1950 waliruhusu na kusaidia filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza kabla siasa haijamchukua. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitia wazo hilo katika maandishi ya taifa huru, ikakataza kutengeneza filamu za kuonyeshwa hadharani bila kibali. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza wajibu kwa kampuni za kigeni: kueleza maeneo waliyopiga picha, na kukabidhi nakala ya picha ghafi, yaani zile ambazo bado hazijakatwa na kuunganishwa, pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika. Kwa maneno mengine, mpiga picha aliwekewa daftari lake la mavuno, na kwa upande mmoja daftari hilo ni kali kuliko la mvuvi, kwa sababu linadai samaki mwenyewe pamoja na uzito wake. Upande wa hesabu nao ulikazwa mwaka 2018, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2015 yalipofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai, kifungu kilichoondolewa mwaka 2019 baada ya kulalamikiwa ndani na nje ya nchi.

Kamera na daftari vilikutana baharini, mbele ya Tanga, kwa ajili ya samaki mmoja. Silikanti ni samaki mkubwa mwenye mapezi kama viganja, aliyedhaniwa kuwa alitoweka zama za dinosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini Tanzania alithibitishwa mwaka 2003 katika maji ya Kilwa, na baada ya hapo wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani vya Tanga walianza kuwanasa, makumi yao, katika majarife, nyavu nzito za papa zinazotegwa kina kirefu. Silikanti hana faida kwa mvuvi, kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi na hailiki vizuri, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, lakini walionaswa walipimwa, wakapigwa picha na kupewa nambari. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyo katika mwili, ulionyesha kuwa silikanti wa Tanga ni kundi lililojitenga na wenzao wa Komoro. Anayetaka kumpiga filamu ndani ya hifadhi hiyo hahitaji kibali cha filamu pekee, bali pia cha Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na hulipia. Wavuvi wa Kigombe wana haki ya kunung'unika kwamba samaki asiyelika amewaletea kanuni nyingi kuliko wale wanaowalisha watoto wao, ingawa ni kweli pia kwamba hakuna samaki mwingine wa mkoa huo anayejulikana mmoja mmoja.

Perege mwenye jina la Korogwe hakupata daftari la namna hiyo wala kamera. Mwaka 2019 watafiti, baadhi yao wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walichapisha matokeo ya kuzunguka mito na mabwawa ya nchi nzima wakiwatambua perege mmojammoja, na wakaonyesha kuwa wageni waliopandwa kwa makusudi kwa miongo mingi wameenea karibu kila mfumo wa maji, Pangani ukiwa miongoni. Jambo lisilotarajiwa lilitoka kusini. Katika maziwa madogo ya mkoa wa Lindi, likiwamo Rutamba, mamia ya kilometa kutoka mto uliompa jina, waliishi samaki wa spishi hiyohiyo, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kundi hilo la kusini limetengana na la kaskazini tangu zamani sana na lina sifa zake lenyewe, na kwamba tayari linachanganya damu na perege wageni walioingizwa katika maziwa hayo. Karani wa mwalo wa Rutamba, kama mwenzake wa soko la Manundu, anapoweka samaki hao kwenye mizani huandika neno perege, kisha kilo, kisha bei.